Macho Hayana Pazia: Mawimbi ya Ubongo na Kazi ya Kupuuza

Mgonjwa anayekwenda kupimwa umeme wa ubongo, kipimo ambacho hospitalini hujulikana kwa kifupi kama EEG, hubandikwa kichwani vipande vidogo vya chuma viitwavyo elektrodi, huketishwa au kulazwa katika chumba kitulivu, kisha huambiwa jambo linalomshangaza kwa wepesi wake: fumba macho. Baada ya muda huambiwa afumbue, halafu afumbe tena. Wengi hudhani kwamba mtaalamu anapitisha muda tu, au anawajaribu aone kama wanasikia. Kumbe wakati huo mtaalamu anakitazama kioo cha kompyuta kwa makini sana. Macho yanapofumbwa, mistari inayotoka kwenye elektrodi za kisogoni, ambayo awali ilikuwa ikitetemeka bila mpangilio, hugeuka kuwa mawimbi yanayofuatana kwa utaratibu, takribani 10 kila sekunde. Macho yakifumbuliwa, mawimbi hayo hunywea papo hapo.

Mawimbi hayo huitwa mdundo wa alfa. Kwa mtu mzima aliye macho huwa kati ya mawimbi 8 na 13 kwa sekunde, na ni miongoni mwa mambo ya kwanza ambayo daktari huyatafuta anaposoma kipimo. Makala haya yanaeleza kazi ambayo mdundo huo unadhaniwa kuifanya: kuusaidia ubongo kupuuza vitu visivyohitajika miongoni mwa vingi ambavyo macho yanaviona. Jambo hili linamhusu muuguzi anayegawa dawa katika wodi iliyojaa watu, na linamhusu pia mzee anayeambiwa na jamaa zake kwamba hasikilizi.

Kabla ya kuendelea, yafaa kuondoa hofu moja ambayo wahudumu wa vipimo hukutana nayo mara nyingi. Kipimo hiki hakipeleki umeme kichwani, wala hakisomi mawazo. Elektrodi hupokea tu umeme ambao ubongo wenyewe unautoa, nao ni mdogo mno. Wimbi la alfa lenye ukubwa wa sehemu 50 za milioni ya volti moja ni dogo mara 30,000 kuliko volti 1.5 za betri ya tochi. Ili umeme hafifu kiasi hicho uonekane kupitia mfupa na ngozi, lazima maelfu kwa maelfu ya seli za neva zipande na kushuka kwa pamoja. Siri ya seli moja moja haionekani hapo, sawa na vile mtu aliye nje ya uwanja wa mpira anavyosikia shangwe ya goli bila kujua ni nani aliyesema nini.

Aliyekuwa wa kwanza kuurekodi umeme huo kwa binadamu ni Hans Berger, profesa wa magonjwa ya akili katika mji wa Jena, Ujerumani. Alianza mwaka 1924 kwa wagonjwa waliokuwa na upungufu katika mfupa wa fuvu, mahali ambapo ubongo ulikuwa karibu zaidi na ngozi, akaendelea na watu wenye afya, akiwamo mwanawe mwenyewe. Alisita miaka mitano kabla ya kuchapisha matokeo mwaka 1929. Wenzake wengi hawakumwamini. Walidhani kwamba mawimbi yale ni mtikisiko wa misuli au kasoro ya mtambo. Heshima yake ilikuja kutoka Uingereza. Mwaka 1934, Edgar Adrian, ambaye tayari alikuwa na Tuzo ya Nobel, pamoja na Bryan Matthews, walithibitisha huko Cambridge kwamba mdundo ule ni wa kweli na kwamba unatoka sehemu ya nyuma ya ubongo, yaani sehemu ya kuonea. Waligundua pia kwamba kinachouondoa zaidi ya mwanga wenyewe ni jitihada ya kuona. Walijipima wao wenyewe: ubongo wa Adrian ulitoa alfa kwa urahisi, ilhali wa Matthews uliitoa kwa shida. Nalitaja hili kwa ajili ya wagonjwa wanaosoma kwenye ripoti zao kwamba alfa yao ni hafifu na kuingiwa na wasiwasi. Baadhi ya watu wazima wenye afya njema wako hivyo, na mmoja wa waliouthibitisha mdundo huo alikuwa miongoni mwao.

Tangu siku hizo za mwanzo, maelezo yaliyokubalika na wengi yalikuwa mepesi. Alfa huja mtu anapofumba macho na kutulia, hutoweka anapotazama; basi alfa ni dalili ya ubongo uliopumzika, kama injini ya gari lililosimama ambayo inanguruma bila kwenda popote. Maelezo hayo yalidumu kwa miongo mingi, na bado yamo katika vitabu vingi. Yana ukweli ndani yake, lakini yalishindwa kueleza mambo ambayo vipimo vilianza kuyafichua.

Moja lilihusu kumbukumbu. Watu walipopewa herufi za kushika kichwani kwa sekunde chache, alfa katika sehemu za nyuma za ubongo iliongezeka kadiri herufi zilivyoongezeka. Matokeo ya namna hiyo yalichapishwa mwaka 2002. Kama alfa ni usingizi wa ubongo, kwa nini izidi pale kazi inapozidi kuwa ngumu? Jingine lilionekana mwaka 1998 watu walipoelekezwa wasikilize sauti na kuacha kuzingatia yaliyo mbele ya macho yao. Alfa ilipanda katika sehemu ya kuonea ingawa watu hao walikuwa macho, wako kazini, na wanajibu maswali. Ikaanza kuonekana kwamba sehemu ile haikulala kwa uchovu. Ilikuwa imetulizwa makusudi ili isiivuruge kazi ya masikio.

Jaribio lililoyaweka mambo wazi zaidi lilichapishwa mwaka 2000 na kikundi cha watafiti wa Marekani, na ni rahisi kiasi cha kuweza kuelezwa bila mchoro. Ili kulielewa, kumbuka jambo ambalo kila mhudumu wa afya alifundishwa: yaliyo upande wa kushoto wa mahali unapotazama hupelekwa nusu ya kulia ya ubongo, na yaliyo upande wa kulia hupelekwa nusu ya kushoto. Hapa hatuzungumzii jicho la kushoto na la kulia; kila jicho huona pande zote mbili. Mshiriki aliambiwa akazie macho alama ndogo katikati ya kioo, asiyasogeze. Ishara ikamwambia upande ambao kitu kitatokea punde, kushoto au kulia, na kwamba cha upande huo ndicho cha kushughulikia. Kisha akangoja. Katika muda huo mfupi wa kungoja, kioo kikiwa bado hakijaonyesha chochote, alfa iliongezeka katika nusu ya ubongo inayopokea upande usiotakiwa. Aliyeambiwa azingatie kushoto, alfa yake ilizidi upande wa kushoto wa ubongo, ule unaopokea mambo ya kulia. Ubongo ulikuwa umeanza kufunga mlango kabla mgeni asiyealikwa hajabisha hodi.

Waswahili husema macho hayana pazia. Usemi huo ni sahihi kabisa kuhusu macho: mwanga ukiingia, retina hupokea yote, ya kufaa na yasiyofaa. Jaribio lile linaonyesha kwamba pazia lipo, ila limetundikwa ndani zaidi, na mkono unaolivuta ni wa ubongo wenyewe.

Pazia hilo hufanyaje kazi? Maelezo yanayoungwa mkono na wengi, yaliyoendelezwa na watafiti kama Wolfgang Klimesch wa Austria na Ole Jensen aliyefanya kazi Uholanzi na kisha Uingereza, ni kwamba kila wimbi la alfa huleta mpigo mfupi wa kuzuia. Ndani ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni kuzituliza nyingine. Seli hizo zikifanya kazi kwa zamu ya pamoja, mara 10 kwa sekunde, jirani zake hupata nafasi finyu tu ya kusema kati ya mpigo mmoja na mwingine. Mdundo ukiwa mdogo, nafasi ni pana, na habari hupita. Mdundo ukiwa mkubwa, nafasi hubana, na habari nyingi hukwama. Thalamasi, kituo kilicho katikati ya ubongo ambacho hupitisha karibu habari zote za hisi kabla hazijafika kwenye gamba la ubongo, hushiriki katika kuutengeneza mdundo huo.

Yafuatayo ni mambo yanayotarajiwa iwapo maelezo hayo ni ya kweli, na kwa kiasi kikubwa yameonekana. Kwanza, kitu hafifu kikionyeshwa wakati alfa ya mtu iko chini, atakiona kwa urahisi zaidi kuliko ikiwa juu. Pili, lazima kuwe na tofauti hata ndani ya wimbi moja; na kweli, tafiti mbili za mwaka 2009 zilionyesha kwamba mmweko mdogo wa mwanga huonekana au hukosa kuonekana kutegemea umeangukia sehemu gani ya wimbi. Mtu yuleyule, mwanga uleule, macho yaleyale, na tofauti ni sehemu ndogo ya sekunde. Tatu, ukiutengeneza mdundo huo kutoka nje, uoni unapaswa kubadilika. Mwaka 2010 watafiti walitumia sumaku yenye nguvu iliyowekwa juu ya kichwa kuichochea sehemu ya nyuma ya ubongo kwa mapigo ya mara 10 kwa sekunde. Washiriki walipungukiwa na uwezo wa kuona vitu vya upande unaopokelewa na sehemu iliyochochewa, na wakavitambua vizuri zaidi vya upande wa pili. Mapigo ya mara 5 au mara 20 kwa sekunde hayakufanya hivyo.

Kuna jaribio moja ninalolipenda kuliko mengine, kwa sababu linafanana na maisha. Lilichapishwa mwaka 2012 na Mathilde Bonnefond na Ole Jensen. Washiriki walipewa herufi chache za kukumbuka. Katikati ya kungoja kuulizwa, kioo kilionyesha kikengeushi, na saa ya kutokea kwake ilikuwa inajulikana. Mara nyingine kikengeushi kilikuwa alama tu isiyofanana na herufi. Mara nyingine kilikuwa herufi nyingine, ambayo ni hatari zaidi kwa sababu huchanganyika kwa urahisi na zile zilizo kichwani. Pale ambapo herufi ilitarajiwa, alfa ilipanda zaidi muda mfupi kabla ya kikengeushi kutokea. Zaidi ya hapo, mawimbi yalijipanga upya ili sehemu inayozuia iwahi wakati wa ujio wake. Na wale ambao ubongo wao ulijiandaa vizuri zaidi ndio waliosumbuka kidogo zaidi.

Tazama sharti lililofichika humo. Ubongo ulijua nini kinakuja na lini kinakuja. Simu inayowaka mezani haina ratiba, wala mtoto anayekatiza chumba mbio, wala ndugu wa mgonjwa anayesimama ghafla mbele ya meza ya dawa. Ulinzi tuliouona katika maabara ni ulinzi wa kujiandaa, na kisichotabirika huupita kwa urahisi.

Yote hayo yasisomwe kama jambo lililokwisha amuliwa. Wako watafiti wenye uzito wanaosema kwamba ushahidi unaonyesha zaidi alfa ikipungua pale panapozingatiwa, na kwamba ongezeko lake pale panapopuuzwa halijathibitishwa vya kutosha kuwa ndilo linalokizuia kikengeushi. Kwao pazia halivutwi. Taa inawashwa upande mmoja, na upande wa pili unabaki gizani. Utafiti mmoja wa mwaka 2020 ulidai kwamba mabadiliko ya alfa huchelewa mno kuweza kuwa chanzo cha umakini wenyewe. Kwa maoni yangu, majaribio ya sumaku na yale ya vikengeushi vinavyotarajiwa yanaipa nguvu hoja ya kuzuia, lakini yawezekana kwamba alfa ni chombo kimoja kati ya kadhaa. Sehemu za mbele za ubongo, nyuma ya paji la uso, zina midundo yake ya polepole zaidi na zinaonekana kutoa amri. Alfa ya kisogoni huenda ikawa mtekelezaji tu.

Kupuuza kuna gharama yake, na wanaoilipa ni wataalamu pia. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris waliwaonyesha watu filamu ya wachezaji wanaorushiana mpira na kuwataka wahesabu pasi za timu moja. Katikati ya mchezo mtu aliyevaa vazi la gorila alipita uwanjani. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Wengi waliosikia habari hiyo walijifariji kwamba hao ni watu wa kawaida, na kwamba mtaalamu katika fani yake hangepitwa. Mwaka 2013, Trafton Drew na wenzake huko Boston waliwapa wataalamu 24 wa radiolojia picha za kompyuta za mapafu na kuwaomba watafute vinundu vidogo, vile ambavyo huweza kuwa dalili ya saratani. Katika mfululizo wa mwisho waliingiza picha ya gorila iliyokuwa kubwa mara 48 kuliko kinundu cha wastani. Wataalamu 20 kati ya 24 hawakuiripoti. Vipimo vya mwendo wa macho vilionyesha kwamba wengi wao waliitazama moja kwa moja.

Majaribio hayo mawili hayakupima alfa, na sitaki msomaji adhani yalipima. Nayataja kwa sababu yanatukumbusha kwamba uwezo uleule unaotuwezesha kufanya kazi katikati ya vurugu ndio unaotuficha tusichokitarajia. Daktari anayetafuta nimonia kwenye picha ya kifua anaweza kulipita bega lililovunjika. Ndiyo maana baadhi ya walimu wa radiolojia husisitiza kuipitia picha yote kwa mpangilio uleule kila mara, hata baada ya kilichotafutwa kupatikana. Mazoea hayo huonekana ya kuchosha mpaka siku yanapookoa mtu.

Sasa tugeukie wale ambao kupuuza ni kugumu kwao. Kundi kubwa kuliko yote ni wazee. Mwaka 2005, Adam Gazzaley na wenzake nchini Marekani waliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso zilizochanganywa na picha za mandhari. Waliwaagiza wakumbuke aina moja na kuipuuza nyingine, huku shughuli za ubongo zikipimwa. Wazee waliziongezea nguvu picha walizotakiwa kuzikumbuka sawa na vijana walivyofanya. Walichoshindwa ni kuzipunguzia nguvu picha za kupuuza, na wale walioshindwa zaidi ndio waliokuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi katika jaribio hilo. Mwaka 2012 utafiti mwingine uliona jambo linalooana na hilo katika alfa: vijana waliirekebisha alfa yao walipotakiwa kuweka kando habari zisizohitajika, ilhali wazee hawakuirekebisha kwa namna hiyo.

Matokeo hayo yanabadilisha namna ya kumwelewa mzee kliniki. Bibi anayeelezwa matumizi ya dawa za shinikizo la damu huku televisheni ikiwaka ukutani, watu wakipita mlangoni na mjukuu akichezea simu ubavuni mwake, anaweza kutoka bila kujua ni kidonge kipi cha asubuhi. Jamaa zake husema hakuzingatia. Huenda alizingatia vya kutosha. Tatizo ni kwamba pamoja na maneno ya muuguzi alibeba pia televisheni, mlango na simu. Kumrudia kwa sauti ya juu kunasaidia kidogo, isipokuwa kama hasikii vizuri, jambo ambalo ni la kuchunguzwa kivyake. Kumgeuza kiti akaupa mlango mgongo, kuzima televisheni, kumwonyesha dawa moja kwa wakati mmoja huku nyingine zikiwa zimefunikwa, kisha kumwomba aeleze mwenyewe atakavyozitumia, hakuhitaji fedha wala kibali cha mtu. Familia inaweza kufanya vivyo hivyo nyumbani.

Hata hivyo, kupungua huku kwa kawaida kwa uzeeni kusichanganywe na ugonjwa. Mzee aliyekuwa akizungumza vizuri jana na leo hawezi kufuata mazungumzo, anaangaza huku na huku, anashtukia kila kivuli na kuweweseka, anahitaji kufikishwa hospitalini upesi. Maambukizi, upungufu wa maji mwilini au athari ya dawa huweza kuwa nyuma yake. Katika hali hiyo mdundo wa kisogoni kwenye EEG hupungua kasi, na ni mojawapo ya ishara zinazomsaidia daktari.

Kwa watoto mambo huenda kinyume, kwa maana kwamba mdundo bado unajengwa. Mtoto wa miezi mitatu au minne huwa na mawimbi ya kisogoni yapatayo 3 hadi 4 kwa sekunde. Afikapo mwaka mmoja ni 5 au 6. Akiwa na miaka mitatu hukaribia 8, na huendelea kupanda hadi kufikia kiwango cha mtu mzima katika miaka ya shule ya msingi. Kwa hiyo kipimo cha mtoto husomwa kwa kuzingatia umri wake, na mzazi asishtuke akisikia kwamba mawimbi ya mwanawe ni ya polepole kuliko yake. Kuhusu watoto wenye tatizo la upungufu wa umakini na utundu uliokithiri, tofauti za alfa zimeonekana katika baadhi ya tafiti zilipolinganishwa na watoto wengine, lakini ni tofauti za makundi. Hakuna wimbi ambalo daktari anaweza kulionyesha kwa kidole na kusema kwamba mtoto huyu anao ugonjwa au hana. Utambuzi bado ni wa kumsikiliza mzazi, mwalimu na mtoto mwenyewe.

Wapo pia waliopata kiharusi upande wa kulia wa ubongo ambao hupuuza upande mzima wa kushoto wa dunia yao. Hula nusu ya sahani na kulalamika kwamba chakula ni kidogo, hunyoa nusu ya uso. Huko si kupuuza kwa hiari. Ni mizani iliyovunjika ya kugawa umakini kati ya pande mbili, na ndugu wanaodhani mgonjwa anafanya makusudi wanahitaji kuelezwa.

Nimeahidi kumrudia muuguzi. Mwaka 2010 Johanna Westbrook na wenzake walichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali mbili za Sydney, Australia. Watazamaji waliwafuata wauguzi 98 walipokuwa wakiwapa wagonjwa dawa mara 4,271. Katika asilimia 53.1 ya mara hizo, muuguzi alikatizwa. Kila kukatizwa kuliambatana na ongezeko la asilimia 12.1 la makosa ya utaratibu, kama vile kutosoma jina la mgonjwa, na asilimia 12.7 la makosa ya dawa yenyewe, kama vile kipimo kisicho sahihi. Hao walikuwa wauguzi wenye mafunzo, katika nchi tajiri. Haielekei kwamba wodi yenye wagonjwa wengi na wauguzi wachache ingetoa takwimu nzuri zaidi.

Hospitali kadhaa zimejaribu kuwavisha wauguzi vizibao vyenye maandishi ya kuomba wasikatizwe wagawapo dawa. Vilipojaribiwa kwa utaratibu wa kisayansi huko Australia, vilipunguza kukatizwa kwa kiasi, lakini wauguzi wengi hawakuvipenda, mojawapo ya sababu ikiwa ni joto. Anayeijua Dar es Salaam ya mwezi Februari hatahitaji kushawishiwa. Kilicho rahisi zaidi ni kuiweka meza ya kuandalia dawa ikielekea ukuta badala ya korido, kuiacha simu mfukoni ikiwa kimya, na kukubaliana na wenzako kwamba swali lisilo la dharura lingoje toroli lirudi. Nawe ndugu wa mgonjwa, ukimwona muuguzi ameshika chupa na karatasi akilinganisha, mpe nusu dakika.

Mwishowe, liko swali ambalo wasomaji wengi watakuwa nalo: je, mdundo huu unaweza kufundishwa? Biashara imetangulia sayansi hapa. Zinauzwa tepe za kuvaa kichwani zinazodai kupima mawimbi ya ubongo na kumwongezea mtu umakini, na wazazi wenye watoto wanaohangaika shuleni ndio wanaolengwa. Hata kipimo kimoja cha uwiano wa mawimbi ambacho mwaka 2013 kiliruhusiwa nchini Marekani kama msaada wa kutambua tatizo la umakini kwa watoto, Chuo cha Neurolojia cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kisichukue nafasi ya uchunguzi wa kawaida wa daktari. Mzazi mwenye fedha chache atafanya vyema kumpeleka mtoto apimwe macho na masikio kwanza.

Hata hivyo, jaribio la mwaka 2020 kutoka taasisi ya MIT, Marekani, linastahili kusikika. Watafiti waliwaketisha watu ndani ya mtambo unaopima nguvu hafifu za sumaku zitokazo ubongoni, wakawaonyesha mchoro wa mistari uliofifia katikati ya kioo, na kuwaambia waung'arishe kwa nguvu ya akili tu. Hawakuambiwa jinsi ya kufanya. Mchoro uliunganishwa na tofauti ya alfa kati ya nusu mbili za ubongo: alfa ilipopungua upande mmoja kuliko mwingine, mistari iling'aa. Katika muda mfupi walijifunza, na baadaye umakini wao uliegemea upande uliolingana na mafunzo waliyopewa. Kama athari hiyo hudumu, na kama inaweza kumfaa mgonjwa wa kiharusi au mtoto darasani, ni kazi inayoendelea. Walipoulizwa, washiriki walisema walijua kwamba wao ndio waliokuwa wakiubadilisha mchoro. Walivyoubadilisha, hawakujua.